Mkate Ukifika, Ukate

Heidelberg, 2 Oktoba 1988

Shangazi Traudel mpendwa,

Kifurushi nimekiposti jana. Kina lozi, zabibu kavu, maganda ya limau yaliyopikwa kwa sukari, kahawa pakiti mbili, na viatu vya baridi namba thelathini na saba. Najua wewe unavaa arobaini na moja, na sidhani kama miguu yako imesinyaa. Viatu vikae tu hapo mlangoni, huenda akapita mtu vikamtosha. Mwambie huyo mtu kwamba mwaka huu asitie zile nyanya mbichi za kupika na sukari kwenye mkate wa Krismasi, maana maganda niliyotuma yanatosha. Nasema hivi kila mwaka, na kila mwaka nyanya zimo.

Umeniuliza kazi mpya ikoje. Kila Jumanne asubuhi nakwenda machinjioni na ndoo ya barafu kuchukua bongo za ng'ombe. Kuna mchinjaji mmoja, Egon, ambaye kila wiki huniuliza kama chuo kikuu kimeishiwa akili mpaka kinakuja kuazima kwa ng'ombe. Nikirudi maabara tunazisaga, tunazizungusha kwenye mashine, na mwishowe tunabaki na vifuko vidogo mno ambavyo huwa vimejaa kwenye ncha za neva. Neva moja ikitaka kuiambia nyingine jambo, ujumbe unakaa ndani ya vifuko hivyo. Kwenye ngozi ya kila kifuko kuna protini moja, na hiyo ndiyo tunayoifukuzia. Kazi yake hasa hatuijui. Profesa wetu anasema inasaidia kifuko kufunguka. Mwenzake wa chumba cha pili anasema inakisaidia kurudi kikishamwaga. Wamenuniana tangu Agosti.

Lakini kuna jambo litakalokufurahisha. Tumepata kingamwili, kutoka kwa panya, inayoishika protini hiyo peke yake, na tukiongeza dawa pale iliposhika panageuka rangi ya kahawia. Neva zote zinageuka kahawia. Na kuna uvimbe wa tumboni, ule wa polepole, ambao seli zake hutengeneza vifuko vilevile, kana kwamba zilitaka kuwa neva zikaghairi njiani. Nao unageuka kahawia. Saratani ile kali ya kawaida haishiki rangi kabisa. Wewe uliyenifundisha, katika maabara yako ya hospitali, kukata nyama ya wagonjwa ndani ya nta nikiwa na miaka kumi na saba, ungekaa kwenye hadubini hii ukasahau chakula cha mchana.

Nawasalimu pia maafisa wenu wa Mashariki wanaofungua barua zetu kabla yako.

Wako, Gundula


Pirna, 23 Oktoba 1988

Gundula,

Kifurushi kimefika, kimefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi mbaya. Kahawa ni pakiti moja na nusu. Viatu vimepata miguu.

Nimesoma mara tatu habari za rangi yako. Tuna mgonjwa hapa hospitalini, mama wa miaka hamsini na saba, mfanyakazi wa posta. Mwezi uliopita alitolewa uvimbe kwenye utumbo mwembamba, na kwenye ini amebaki na madoa mawili. Kwa rangi za kizamani tulizo nazo, ninachokiona ni saratani isiyo na sura. Daktari wetu wa hadubini hawezi kusema zaidi, na simlaumu. Daktari wa upasuaji ni mtu wa maneno machache. Amesema kama ni ile kali, kumpasua ini ni kumtesa bure, bora akae nyumbani na watu wake. Kama ni ile ya polepole, atayatoa madoa yote mawili na mama huyu anaweza kuishi miaka mingi tu. "Nileteeni ushahidi," aliniambia, "nami nitanoa kisu."

Mama mwenyewe ana binti, naye hataki binti ajue lolote mpaka liwepo la heri la kumwambia. Nimemwambia huo ni ujinga. Ana shingo ngumu kuliko ng'ombe wako wote.

Niambie rangi hiyo inaaminika kiasi gani.

Mkate wa Krismasi nautuma mapema mwaka huu. Ukifika, ukate siku hiyohiyo. Usingoje Krismasi. Sitanii.

Traudel


Heidelberg, 27 Novemba 1988

Shangazi mpendwa,

Mkate umefika Alhamisi, mzito kuliko wa mwaka jana. Nimeufungia kwenye bati nikauweka nje barazani kwenye baridi, kama ipasavyo. Eti niukate siku hiyohiyo. Ndio uzee huo, au unanipima? Nyumbani kwetu kulikuwa na amri kumi za kanisani na ya kumi na moja ilikuwa ya mama: mkate haukatwi kabla ya mkesha wa Krismasi. Nilipokuwa na miaka saba nilidokoa kipembe, akaniandikisha mara hamsini kwamba mkate una siku yake. Alikuwa mwalimu mkuu hata jikoni.

Wewe unajua, na mimi najua, kwamba si wewe unayeoka. Hujawahi kuchemsha yai likaiva. Mama hajaniandikia neno tangu niombe kuhamia huku Magharibi mwaka wa themanini na serikali yenu ikamvua ukuu wa shule kwa ajili yangu, wakampeleka kupanga vitabu vya maktaba. Ana haki ya kuninyamazia. Lakini kila mwaka anaoka, wewe unaandika jina lako kwenye kifurushi, na mimi naishika sheria yake mpaka dakika ya mwisho. Hiyo ndiyo njia pekee tuliyobaki nayo ya kuongea, kwa hiyo usiniambie nikate mapema.

Kuhusu mama wa posta: rangi inaaminika. Ningekuwa na vipande vyake ningekujibu kwa siku mbili. Lakini mwili wa mtu wenu, hata ukiwa mwembamba kuliko karatasi, hauvuki mpaka bila mihuri, na mihuri inatembea kama konokono. Mpe pole zangu. Na huyo binti yake, kama yuko karibu, aambiwe tu.

Wako, Gundula


Pirna, 9 Desemba 1988

Gundula,

Kata mkate.

Traudel


Heidelberg, 28 Desemba 1988

Shangazi,

Barua yako ya maneno mawili imefika leo. Posta wameishika siku kumi na tisa. Hii inapita kwa mtu avukaye mpaka kila wiki mbili, anayekubali kubeba karatasi tu; na wewe jibu mpe yeye. Najua haikuwa kosa langu peke yangu, lakini nafsi yangu haitaki kusikia.

Niliukata mkesha wa Krismasi baada ya ibada. Chini yake, ndani ya karatasi ya nta, nikakuta vioo kumi vya hadubini vimefungwa viwiliviwili, na kwenye kila kimoja kipande kisichopakwa rangi. Na mwandiko wako: "Mama wa posta." Nilikaa sakafuni jikoni na kisu mkononi. Vioo vimelala zaidi ya wiki nne barazani. Bati lilikuwa limetoa jasho kwa ndani, likaganda, likayeyuka tena. Ndiyo maana ulinihimiza, na mimi nikaleta habari za amri ya kumi na moja.

Maabara inafunguliwa tarehe tisa. Nitavipaka rangi siku hiyo, kabla mtu yeyote hajauliza ni vya nani.

Kuna jambo jingine, na nitalisema ili litoke moyoni. Mkate ulikuwa mgumu kama tofali. Nyanya hazikuwamo. Miaka yote hii nimezilalamikia, na kila mkesha wa Krismasi nimezitafuta kwa ulimi kabla ya kitu kingine, na nikizipata najua bado ananikumbuka. Mwaka huu hakuoka yeye. Kama ameamua kwamba sasa hata mkate sistahili, mwambie nimeelewa. Viatu abaki navyo.

Gundula


Heidelberg, 15 Januari 1989

Shangazi mpendwa,

Sina habari njema. Nimevipaka vioo vyote. Pamoja navyo nilipaka kipande cha tezi ya ng'ombe, ambayo nayo ina vifuko vilevile, ili nijue dawa inafanya kazi, na tezi iligeuka kahawia safi. Kwa hiyo dawa haina kosa. Uvimbe haukushika hata nukta moja.

Ni ile kali. Mwambie daktari wenu asimsumbue ini, ampe dawa za maumivu na amruhusu akae nyumbani. Na huyo mama, nakuomba, umlazimishe amwite binti yake sasa. Binti wa namna hiyo akija kujua baadaye hatamsamehe mtu, si mama yake wala wewe uliyemficha.

Pole sana. Naona umemzoea mgonjwa huyu kuliko ulivyozoea wengine.

Wako, Gundula


Pirna, 29 Januari 1989

Gundula,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Nina swali moja. Kwenye vioo vile, kando ya uvimbe, kuna ukuta wa utumbo ulio mzima. Umo kwenye vyote kumi, kwa sababu nilivikata mwenyewe na nilihakikisha umo. Kati ya tabaka mbili za misuli ya ukuta huo kuna mafundo ya neva. Kila mtu anayo, mzima kwa mgonjwa. Je, mafundo hayo yalishika rangi?

Hujaniandikia. Umeniambia habari za ng'ombe. Ng'ombe wako alichinjwa juzi. Vipande vyangu vililala zaidi ya wiki nne kwenye jasho na barafu. Ng'ombe atakuambia kama dawa ni nzima. Hawezi kukuambia kama kipande ni kizima.

Mwaka wa sabini na moja nilikukalisha kwenye kigoda cha maabara yangu, na somo la siku ya kwanza lilikuwa hili: kwanza angalia pale ambapo rangi haina budi kuwepo. Ulikuwa na misuko miwili na kiburi kingi. Misuko naona umekata.

Ukitazama, niandikie hata kama jibu ni baya.

Traudel


Heidelberg, 11 Februari 1989

Shangazi,

Nimetazama vioo vyote kumi. Mafundo ya neva yapo, nimeyahesabu, na hakuna hata moja lililoshika rangi. Ni meupe kama uvimbe ulivyo mweupe. Vipande vilikufa barazani kwangu. Havijasema ni ile kali wala si ile kali, havijasema kitu.

Sikuyatazama. Nilikwenda moja kwa moja kwenye uvimbe, nikauona hauna rangi, nikamhukumu mtu kufa, kisha nikaenda kula. Miaka kumi na saba ya kazi. Kama ningekuwa mwanafunzi wangu ningejifukuza.

Ninachohitaji sasa ni kibonge chenyewe cha nta, kile ambacho nyama imo ndani haijakatwa. Ndani ya nta haiharibiki, tutakata vipande vipya na kuvipaka rangi siku hiyohiyo. Sijui utakifikishaje. Sijui hata kama nina haki ya kukuomba.

Nimesoma barua zako zote upya, kuanzia Oktoba. Mgonjwa ana miaka hamsini na saba. Shingo yake ngumu kuliko ng'ombe wangu wote. Binti hatakiwi kujua. Halafu nikasoma nakala ya barua yangu ya Januari, nilivyoandika juu ya binti wa namna hiyo, nikalazimika kutoka nje kutembea.

Nilidhani hakuoka kwa sababu ya hasira. Sijakuuliza kama alikuwa na nguvu ya kusimama.

Shangazi, mama wa posta ni nani?

Gundula


Pirna, 24 Februari 1989

Mwanangu Gundula,

Ni yeye. Posta niliitunga kwa ajili ya wasomaji wetu wengine, na kwa ajili yako.

Alianguka maktabani mwezi wa tisa, mkononi ameshika kitabu cha jiografia cha darasa la nane. Aliniapisha kwenye kitanda cha hospitali, na mimi niliyecheka viapo maisha yangu yote nikaapa. Mkate niliuoka mimi. Yeye alikuwa kitandani chumba cha pili akinielekeza kwa sauti, na nilipofika kwenye nyanya nilikuta nimeziunguza, nikazitupa bila kumwambia. Kumbe kwa kosa hilo nimekufanya udhani umefutwa. Unisamehe. Angelijua angenitupia kiatu, kimoja kati ya vile vyako, ambavyo anavivaa hata ndani ya nyumba.

Barua yako ya Januari hajaisoma. Nilimwambia rangi haikukaa vizuri na tutarudia. Wakati ule ulikuwa uongo. Sasa umekuwa ukweli, na sijawahi kufurahi hivyo kukuta nimesema kweli.

Anapungua lakini si kwa haraka. Miezi mitano imepita tangu alazwe na bado anagombana na mimi kuhusu namna ya kukunja shuka. Mtu wa ile kali hagombani hivyo mwezi wa tano. Huo si ushahidi, najua. Nakuandikia tu ninachokiona mimi niliye karibu.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na nne Machi natimiza miaka sitini. Serikali yetu huwaachia wanawake wa sitini watembelee ndugu zao huko Magharibi, nadhani kwa tumaini kwamba tutasahau kurudi na pensheni itabaki. Nimeshaomba kibali cha Aprili.

Nitakuja na zawadi ya mishumaa. Nawe uandae mashine.

Shangazi yako, Traudel


Heidelberg, 12 Aprili 1989

Wifi Annelies,

Barua hii haipiti posta. Kuna bibi wa Dresden anayerudi kesho kwa treni, ataitumbukiza mlangoni kwako. Mimi nabaki mpaka Jumapili kwa sababu profesa anaandika ripoti na hapa hata ripoti inaandikwa polepole. Siwezi kukuacha ungoje siku hizo zote, kwa hiyo nakuambia hapa juu kabla ya mengine: ni ile ya polepole. Vuta pumzi, kisha endelea kusoma.

Mpakani aliingia askari kijana, mwekundu wa masikio, akaanza na mkoba wangu. Akatoa mshumaa mmoja mmoja. Ule mnene, niliouchonga tumbo nikakuweka wewe ndani na kukuziba kwa nta, aliushika muda mrefu kuliko mingine, akaunusa. Akaniuliza kwa nini napeleka mishumaa Magharibi, hivi huko hawana. Nikamwambia wanayo, lakini yao inatoa machozi kwenye vitambaa vya meza. Akasema mama yake husema hivyohivyo. Akaurudisha. Nilipoketi niligundua nimevaa glavu mkono mmoja tu, nyingine nimeikalia.

Gundula alikuwa kwenye jukwaa la stesheni toka asubuhi. Amekonda, na ana mvi mbili ambazo anadhani hazionekani. Tulikwenda maabara moja kwa moja, na mkoba wangu.

Alitaka kukata mwenyewe, lakini nilimsogeza nikakata mimi. Mashine yao ni mpya na kiti kinazunguka, ila kisu ni kilekile. Kupaka rangi alifanya yeye, na niliona hakuruka hata hatua moja. Kisha tukaketi kwenye hadubini yao ya watu wawili, yeye upande huu na mimi upande ule, tunatazama kitu kimoja.

Wifi, hakwenda kwenye uvimbe. Wala si mimi niliyemkumbusha. Alianza pembeni, kwenye ukuta wako ulio mzima, akakisogeza kioo kidogo kidogo mpaka kati ya misuli. Mafundo ya neva yalikuwa pale yamejipanga, ya kahawia, kama zabibu kwenye mkate uliokatwa vizuri.

Akasema, "Shangazi, zimeshika."

Nikamwambia, "Haya sasa, sogea."

Akasogea, na uvimbe ukaingia kwenye mwanga, nao wote ulikuwa kahawia. Seli moja baada ya nyingine imejaa vifuko vyake vya ujumbe ambao haukuwa na wa kuupokea. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na minane na sijawahi kufurahi kuona uvimbe. Gundula aliweka kichwa mezani. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoinuka alianza kuhesabu seli kwa sauti, kwa sababu ripoti inataka hesabu. Ni mwanao kabisa.

Profesa aliitwa, akatazama, na yule wa chumba cha pili akaitwa, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti, naambiwa, wakakubaliana jambo. Wote wawili watatia sahihi. Nitakuja na picha mbili na karatasi. Mwambie daktari anoe kisu.

Sasa la mwisho, nawe unajua sijakuingilia miaka yote. Binti yako alingoja mpaka mkesha wa Krismasi kukata mkate, kwa sababu wewe ulimwandikisha mara hamsini. Alishika sheria yako kwa sababu ndicho kitu pekee cha kwako alichokuwa nacho, na nusura sheria hiyo ikuue. Mpe kitu kingine cha kushika. Una kalamu.

Wifi yako, Traudel


Pirna, 2 Julai 1989

Gundula,

Nilipasuliwa tarehe ishirini na tatu Mei. Madoa yote mawili yametoka. Daktari alikuja siku ya tatu, akasimama miguuni pa kitanda na kusema kwamba ini lililobaki ni zuri, kisha akaondoka. Traudel anasema kwa mtu yule hiyo ni hotuba. Kila baada ya miezi sita watanitazama tena. Huenda kitu kikarudi, na kama kikirudi kitarudi polepole, nami nitakuwa hapa kukipokea. Sasa natembea mpaka darajani na kurudi. Wiki ijayo nitavuka daraja.

Nimesoma barua yako ya Januari. Traudel aliificha ndani ya kopo la unga, mahali pa kwanza ambapo mtu anayeoka angeiona. Uliandika kwamba binti akija kujua baadaye hatamsamehe mtu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, kwa jicho la mwalimu, nikitafuta kosa. Sikuliona.

Kwa hiyo nakuomba msamaha, na sijazoea, utaona mwandiko umeyumba. Mwaka wa kwanza baada ya kuondoka kwako nilikuwa na hasira. Walinipokonya shule yangu na nilikuona wewe ndiye uliyewapa ufunguo. Hasira hiyo iliisha kabla ya mwaka kuisha. Miaka yote iliyobaki sikujua tu barua inaanzaje. Kila Novemba niliona ni rahisi zaidi kukanda unga.

Traudel amenieleza ile protini na vifuko vyake. Nilimuuliza kazi yake ni ipi, akasema maprofesa wenyewe bado wanabishana. Mimi sikushangaa. Nilimwambia nimeshawahi kumjua mtu aliyejaa ujumbe hadi shingoni na hajui namna ya kuutoa. Alicheka akamwaga kahawa, ile uliyotuma, kwa hiyo tuma nyingine.

Bado miaka miwili na miezi mitatu nitimize sitini na kuruhusiwa kupanda treni ile. Ninakusudia kuwa hai. Uniandalie hadubini, nataka kuziona neva hizo kwa macho yangu, kwa sababu nimeambiwa ziliniokoa na wewe ulizitazama kwanza.

Nyanya nimepanda safu mbili bustanini. Tuma maganda ya limau ukipenda, lakini nyanya zitakuwamo, na mwaka huu nitazipika mwenyewe. Jina kwenye kifurushi litakuwa langu.

Nautuma mwezi wa kumi. Mkate ukifika, ukate siku hiyohiyo. Chini hakuna kitu. Ni mkate tu.

Mama yako,
Annelies